Maua Ndani ya Jeneza la Otakar

Siku ya pili baada ya Otakar kufariki, Hynek alishuka hadi chumba cha maua, akasimama mlangoni asiingie. Haikuwa kawaida yake. Hynek ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi pale kwenye nyumba ya kuchomea maiti, juu ya mji, karibu na machimbo ya mawe. Yeye ndiye aliyewapokea wafiwa, akawawekea muziki, akabonyeza kitufe cha pazia wakati wa jeneza kuondoka. Kila asubuhi aliingia kwa Vlasta, mpambaji wa maua wa pale, akipiga mluzi na kudai kahawa. Leo alikuwa akizungusha kofia yake mikononi.

“Dada Vlasta, kuna familia imeagiza maua. Ya Alhamisi.”

“Familia gani?”

Hynek akaziangalia ndoo za maji. “Unajua familia gani.”

Vlasta alikuwa akikata mashina ya waridi. Akaendelea kukata. Alikata hata yale ambayo hayakuhitaji kukatwa, mpaka waridi moja likabaki kichwa kitupu, akalitupa.

Otakar alikuwa dereva wa treni za mizigo. Miaka kumi na tisa aliishi na Vlasta katika vyumba vyake viwili nyuma ya stesheni, wakila pamoja, wakinuniana pamoja, wakigombana kila usiku wa baridi kama dirisha liachwe wazi au lifungwe. Lakini kwa sheria alikuwa mume wa Blažena, wa kijiji cha Lhotka, na hakuacha kuwa mume wake hata siku moja. Blažena alikuwa mtu wa kanisa. Alipoombwa talaka alijibu kwamba kiapo alishakila mbele ya padri, na hana namna ya kukitapika. Aliombwa tena, akajibu vilevile. Halafu miaka ikapita, na hakuna aliyeomba tena.

Kwa hiyo Otakar alipokata roho, hospitali ilimpigia simu mkewe. Maiti ikawa ya mkewe, na suti ya kumvika ikatoka kwa mkewe. Tangazo la msiba lilibandikwa kwenye ubao wa stesheni, likamtaja mke, mwana, wajukuu, na dada wa marehemu aliyeko Ostrava. Vlasta alilisoma akiwa amebeba mfuko wa viazi. Akalisoma mara ya pili, polepole, pengine kuna mstari aliouruka. Hakuna. Akaenda nyumbani akamenya viazi vya watu wawili.

“Naweza kumwita yule wa duka la sokoni,” Hynek akasema. “Aje afanye yeye. Wewe kaa nyumbani. Hakuna atakayekulaumu.”

“Yule? Anayefunga maua kama anafunga mchicha?”

“Dada Vlasta, sikutanii.”

“Nami sitanii. Nimewapamba wafu wa mji huu wote. Nimempamba hata yule diwani aliyekula hela za barabara, nikamwekea na mayungiyungi. Leo wangu nimwachie mtu baki?”

Hynek akakuna kichwa. “Basi weka na shada lako pale kati ya mengine. Usilitie utepe. Nani atajua?”

Vlasta akaweka mkasi mezani. “Hynek, mimi mwenyewe nimekaa miaka kumi na tisa bila jina. Shada langu nalo likakae bila jina? Afadhali nisiweke kabisa.”

Hakuweka. Alifanya kile familia ilichoagiza na hakuongeza hata jani. Shada kubwa la duara la matawi ya msonobari na maua meupe ya krisantemu. Maua ya kulala juu ya jeneza, waridi nyekundu. Kwa desturi ya kule maua ya mfu huhesabiwa kwa jozi, na Vlasta aliyahesabu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alipokuwa akihesabu alikuwa hafikirii. Utepe uliandikwa kwa herufi za dhahabu: Kwa mume na baba mpendwa. Aliupiga pasi mwenyewe, ukatoka hauna kunyanzi.

Alhamisi asubuhi ilikuwa mvua. Jeneza lilifunguliwa katika chumba cha pembeni, pale familia inapoagana na mtu wake kabla ya ibada, na Hynek akaja mbio kumwita.

“Njoo uone mwenyewe. Hawawezi kumwona hivi.”

Suti ilikuwa ya zamani, ya wakati Otakar alipokuwa mtu wa tumbo na mashavu. Mtu aliyelala ndani yake alikuwa mwembamba kama fito. Waliomvisha walijitahidi kuikunja mgongoni na kuibana kwa pini, lakini kola ilisimama mbali na shingo, na mabega ya koti yalikuwa matupu. Alionekana kama mtoto aliyevaa nguo za baba yake. Nywele walimchana upande usio wake.

“Niachie,” Vlasta akasema.

“Nikusaidie?”

“Nenda kajaribu muziki wako. Niachie.”

Akavuta ndoo karibu. Kwanza alizirudisha nywele kwa vidole, upande wa kushoto, kama alivyozitaka mwenyewe. Kipaji cha uso kilikuwa na baridi ile anayoijua, baridi ya vigae vya bafuni, na Vlasta, ambaye aliwagusa wafu wengi bila kusita, safari hii aliuondoa mkono haraka kisha akaurudisha. Halafu akaanza kazi. Alitandika makangaga shingoni ili yaizibe ile nafasi ya kola, majani yakipishana. Juu yake akapanga krisantemu ndogo nyeupe, kutoka bega hadi bega, zikashuka kifuani mpaka kwenye mikono iliyofumbatana, koti likapotea chini yake. Alifanya kazi akiwa amepiga magoti. Alimsemesha kidogo, maneno ya hivihivi tu. Umenikalia vibaya hapa. Subiri. Sasa hivi namaliza.

Mlango ukafunguliwa nyuma yake.

“Samahani. Nimewahi. Mwanangu anatafuta mahali pa kuegesha gari. Naruhusiwa kuingia?”

Alikuwa mwanamke mzee, mnene kiasi, koti jeusi lililolowa mabegani, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Vlasta alimjua papo hapo. Otakar alikuwa na picha yake moja ya ujana kati ya karatasi zake, na macho yalikuwa yaleyale. Lakini Blažena hakuwahi kumwona Vlasta hata kwenye picha. Aliyemwona mbele yake alikuwa mfanyakazi mwenye aproni ya kijani na majani magotini.

“Karibu, mama,” Vlasta akasema. Sauti yake ilitoka ile ya kazini, na alishangaa kwamba imetoka.

Blažena hakulisogelea jeneza. Aliketi kwenye kiti cha ukutani, akashusha pumzi. “Maua umeyapanga wewe?”

“Mimi.”

“Nimeyaona kule ukumbini. Mazuri. Nilimwambia mwanangu, waridi zisiwe zile nyekundu za kumetameta, hatuendi harusini.”

“Nilichagua zilizokolea.”

“Umefanya vizuri, dada.” Akakifungua kifungio cha mkoba na kukifunga tena. “Nikuulize kitu. Wewe uko hapa siku zote, unawaona wanaoingia?”

“Wengi nawaona.”

“Kuna mwanamke mmoja. Alikuwa naye huyu. Natumai leo ana haya ya kubaki kwake. Sitaki vurugu mimi. Watu wametoka Lhotka na mvua hii kuja kuzika kwa heshima, sitaki mtu aje kujiangusha mbele yao.”

“Sidhani kama atajiangusha.”

“Unamjua?”

“Mji wenyewe mdogo, mama.”

Blažena akainama mbele. “Yukoje?”

Vlasta alichukua ua moja, akalitafutia mahali, akaona mahali pote pameshajaa. “Wa kawaida tu.”

“Wa kawaida!” Blažena akaguna, karibu kucheka. “Miaka yote mimi namwona kichwani na viatu virefu na nywele za kupaka rangi. Kumbe wa kawaida. Hilo nalo ni tusi.”

Akainuka. Alivuka chumba kwa hatua za mtu anayepita kwenye barafu, akashika ukingo wa jeneza, akatazama ndani. Mvua ilipiga dirishani. Alitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukaanza kubadilika. Haukuwa wa huzuni, ulikuwa wa mtu aliyepotea njia.

“Huyu siye,” akasema.

“Ndiye, mama.”

“Siye! Wamekosea. Otakar ana shingo kama ya fahali. Suti hii mimi ndiye niliyemnunulia, ilikuwa inambana, kifungo hakifungi! Huyu mtu wamemfanya nini?”

“Aliacha kula mwezi wa sita,” Vlasta akasema. “Mwanzoni supu ya viazi alikuwa anaiweza, ukiisaga ikawa laini. Halafu ikawa chai peke yake. Mwishoni ni barafu tu, nilikuwa naifunga kwenye kitambaa anyonye. Suruali zake nimezipunguza zote. Hii ya mwisho nikaona hata nikipunguza…”

Hapo akasikia alichokuwa akisema.

Blažena aligeuka. Alimtazama kuanzia viatu, aproni, mikono yenye michubuko ya miiba, hadi uso. Hakuwa na haraka.

“Ni wewe,” akasema.

“Ni mimi.”

“Na ukaniacha niongee.”

“Nilikosa pa kukukatiza.”

Vlasta alingoja kufukuzwa. Alikuwa ameshaanza kufungua aproni. Lakini Blažena alirudi kulitazama jeneza, akanyoosha kidole kimoja na kuligusa ua la karibu na kidevu cha Otakar, kidogo sana, kama mtu anayepima kama chuma bado kina moto.

“Aliumia?”

“Ndiyo.”

“Sana?”

“Wiki za mwisho, sana. Walikuwa wanamchoma sindano, lakini haikutosha.”

“Vilém ananiambia alilala tu, akaondoka kama usingizi.” Vilém ndiye mwanawe. “Nilijua ananidanganya. Tangu mdogo akidanganya anasema kwa utaratibu.” Akauondoa mkono juu ya ua. “Alinitaja?”

Swali hilo Vlasta alikuwa akiliogopa tangu siku aliyosoma tangazo pale stesheni, ingawa hakujua nani angemwuliza. Jibu lake hakuwa amemwambia mtu, hata Hynek. Lilikuwa limekaa ndani yake kama mfupa kooni.

“Siku tatu za mwisho alikuwa hanijui,” akasema. “Homa ilikuwa imepanda kichwani. Alikuwa ananishika mkono ananiita Blaženka.”

Huko juu Hynek alikuwa akijaribu muziki, tarumbeta zikaanza na kukatika, zikaanza na kukatika.

“Aliniita mimi,” Blažena akasema.

“Alikuita wewe. Aliuliza kama umewafungia kuku. Aliuliza kama Vilém amerudi kutoka shule.”

“Ukamjibuje?”

“Nilimwambia kuku nimewafungia. Nikamwambia mtoto amerudi, anakula.”

“Kwa jina langu.”

“Kwa jina lako. Ningefanyaje?”

Blažena alirudi kitini, akaketi kwa kishindo. Hakulia. Alikaa mdomo umefunguka kidogo, na Vlasta akasimama pale na aproni yake nusu imefunguliwa, hajui aende au abaki. Aliwaza kwamba sasa ameusema ukweli, ule mfupa umetoka, na bado koo linauma vilevile. Mwanamke huyu amepata kitu leo. Yeye amekitoa mkononi mwake mwenyewe, akampa.

Viatu vikasikika koridoni. Vilém aliingia akipangusa miwani yake; alikuwa mtu mzima, kipara kimeanza, na alikuwa amemwona Vlasta hospitalini mara mbili tatu. Aliwaona wote wawili, akaganda na kitambaa mkononi.

“Mama, mimi nilitaka kukuambia…”

“Funga mlango, baridi inaingia,” Blažena akamkatiza. “Njoo umuage baba yako.” Kisha, bila kumtazama Vlasta: “Wewe huwa unakaa wapi kwenye ibada?”

“Nyuma. Karibu na nguzo. Shada likianguka naliinua.”

“Kaa hukohuko. Mbele usije.”

Vlasta akaitikia kwa kichwa, akabeba ndoo yake, akatoka.

Ibada ilikuwa fupi. Ukumbi ulijaa nusu. Watu wa Lhotka walikaa upande mmoja na miavuli yao ikichuruzika sakafuni, madereva wenzake wa treni upande wa pili na sare zao. Msemaji alisoma maisha ya Otakar. Alizaliwa, akasoma, akaoa, akapata mwana, akaendesha treni, akastaafu, akaugua. Kati ya kuendesha treni na kuugua palikuwa na miaka kumi na tisa ambayo msemaji aliipita kwa pumzi moja. Madereva wawili waligeuza vichwa kumtafuta Vlasta, wakamwona pale nguzoni, wakageuka tena mbele. Walikula kwake mara nyingi, sahani zake wanazijua. Hakuwalaumu. Mbele ya mjane mtu hugeuka mbele.

Tarumbeta zikapigwa, safari hii bila kukatika. Hynek alibonyeza kitufe. Pazia lilianza kujifunga kutoka pande mbili, polepole kama kawaida yake, na Vlasta, aliyeliona pazia hilo likijifunga mara zisizo na idadi, aligundua kwamba hakuwahi kulitazama kweli. Siku zote wakati huo alikuwa akikagua mashada. Sasa aliangalia. Waridi zilionekana, halafu nusu yake, halafu ukingo wa mbao, halafu kitambaa kitupu.

Watu wakapanga mstari kuwapa mkono wafiwa. Mstari ulipita mbele ya Blažena, Vilém, na dada wa Ostrava, ukatokea mlangoni. Vlasta hakuwa na pa kusimama katika mstari huo, si kwa wanaotoa mkono wala kwa wanaopewa. Akaanza kukusanya mashada, kwa sababu msiba mwingine ulikuwa tayari unasubiri nje na watu wake walikuwa wakilowa. Alibeba lile kubwa la msonobari mgongoni hadi varandani. Majani yake, makali kama sindano, yalimchoma shingoni. Alitamani yaendelee.

Alipokuwa akiliegemeza ukutani, Blažena akaja. Alikuwa ameshafungua mwavuli.

“Jivu lake tutaliweka Lhotka, kwenye kaburi la wazazi wake,” akasema. “Siku hiyo usije.”

“Siji.”

“Padri atakuwepo, na watu watakuwepo.”

“Nimesema siji.”

“Siku nyingine sitaki kujua. Lango la makaburi halina kufuli.” Alipiga hatua mbili, akarudi. “Yale uliyoniambia ni kweli?”

“Kweli.”

“Ungeweza kunificha. Mimi ningekuwa wewe ningeficha mpaka nafa.”

“Nilifikiri hivyo hivyo.”

“Sasa kwa nini?”

Vlasta aliuweka sawa utepe wa shada. “Nilichoka kuyabeba peke yangu,” akasema.

Blažena alimtazama kidogo, si kwa chuki, si kwa huruma, kama mtu anayekariri sura ili aitambue akikutana nayo tena. Kisha Vilém akapiga honi ndogo, na akaenda.

Jioni ile Hynek alimletea Vlasta chupa ya pombe ya matunda, wakanywa kidogo kwenye chumba cha maua. “Lakini ulimpendezesha,” Hynek akasema. “Mkewe hakuona pini hata moja.” Vlasta akamwambia aende kwake, watoto wanamsubiri.

Hakwenda Lhotka mara moja. Siku ya kuwakumbuka wafu ilikaribia, na wakati huo mji mzima unataka mashada. Alifunga matawi mpaka vidole vikapasuka, akashukuru. Kisha siku hiyo ikapita, watu wakazima mishumaa yao wakarudi ndani, na Vlasta akakosa kisingizio. Akapanda basi asubuhi moja ya ukungu, mikono mitupu. Mwenyewe hakujua kwa nini hakubeba maua. Labda alikuwa ameyachoka. Labda aliona ua lake lingeulizwa limetoka wapi.

Kaburi alilipata bila taabu. Jiwe jeusi, majina ya wazazi juu, chini yake jina la Otakar, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Na pembeni ya jina lake, kwa herufi zilezile mpya za dhahabu, jina la Blažena lilikuwa limeshachongwa, na mwaka wake wa kuzaliwa, na kistari, na baada ya kistari nafasi iliyoachwa wazi. Ndivyo wanavyofanya watu wengi, fundi akiitwa mara moja achonge yote. Vlasta alilijua hilo. Lakini alisimama mbele ya jiwe lile akilitazama kutoka ukingo hadi ukingo, na hakukuwa tena na mahali hata pa herufi moja.

Chungu cha krisantemu kilikuwa kimeangushwa na upepo, udongo umemwagika kwenye marumaru. Akachuchumaa akakiinua. Akaurudisha udongo kwa kiganja, akanyofoa yaliyonyauka, akakiegemeza kwenye jiwe upande usio na upepo.

Bibi mmoja wa kijijini aliyekuwa akichota maji bombani alisimama na ndoo yake. “Sijawahi kukuona hapa. Wewe ni nani wake?”

Vlasta akajipangusa mikono kwenye koti. “Mimi ndiye niliyempambia maua. Kule mjini.”

“Aa! Nilikuwepo. Yalipendeza kweli, tuliyazungumza njiani kote.” Akabadilisha ndoo mkono. “Ila mvua ile! Mpaka leo magoti yananiuma. Unangoja basi? La mchana limeondolewa siku hizi, sasa ni mpaka saa kumi.”

Vlasta akamshukuru. Akaenda kusimama chini ya kibanda cha kituo, akaingiza mikono mifukoni, akangoja. Ukungu haukuinuka siku hiyo.